Pumzi Nilizozikata

Wiki iliyopita mlinikatia keki ya kustaafu pale ghorofa ya tatu, mkaimba, na Faith akaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi ya sauti kabla sijasahau. Nilimwambia siwezi kusahau, kilichochoka ni masikio, si kichwa. Lakini nimekaa hapa Kinoo siku nne sasa, nimeshaosha kila sufuria mara mbili, na nimeona kuna jambo moja ambalo lazima mtalikuta mbele yenu, na hakuna mtu atakayewaambia. Mambo ya vyeo nayaruka kwa sababu sikupata vingi. Ya mshahara pia nayaruka. Mnaujua.

Nilifika stesheni nikiwa na cheti cha umeme na viatu vya kuazima. Barua yao ilikuwa imeandikwa “Bw. T. Wangari”, kwa hivyo nilipoingia chumba cha sauti, yule mzee aliyekuwa ndani alinitazama, akatazama nyuma yangu mlangoni, akangoja. Alipoona hakuna mwanamume anayefuata, aliniuliza, “Unajua kukunja waya?”

Nikasema najua. Nikauzungusha kwenye kiwiko na kiganja, haraka haraka, nikamkabidhi.

“Hiyo ni ya kuanika nguo,” akasema. Akaukunjua wote, mita ishirini, akautupa sakafuni. “Anza tena.”

Huyo alikuwa Mzee Okumu, na kwa wiki mbili sikufanya kazi nyingine ila kukunja waya. Baadaye ndipo aliponifundisha mengine. Betri mpya kila kazi, hata kama za jana zinaonekana nzima. Maiki ishikwe kwanza kiganjani ipate joto, ndipo uibandike kwa mtu, kwa sababu chuma baridi kikigusa kifua mtu huruka. Rekodi halisi usiifute kamwe, hata ukishaisafisha, hata bosi akikuapia kwamba haitahitajika. Na hedfoni usizivue mpaka maiki imetoka kwa mwili wa mtu. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi kuliko yote. “Maiki ikiwa bado kwake, Tere, wewe ndiye unamchunga. Usiende kunywa chai.”

Kwa michezo nilipelekwa kwa sababu moja tu. Stesheni ilianza kuwahoji wachezaji wanawake, na wenzangu wanaume hawakutaka kupitisha waya ndani ya jezi ya msichana wa watu. Wa kwanza alikuwa mkimbiaji mwembamba kutoka bondeni, ameshinda mbio saa nzima kabla ya hapo, ameoga, amekunywa soda. Nilipombandikia maiki karibu na shingo, vidole vyangu vikagusa kifua chake, na nikashtuka. Moyo wake ulikuwa unapiga kama ndiyo kwanza anavuka mstari wa mwisho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Jioni nikamwambia Mzee Okumu.

“Wote hupiga hivyo,” akasema. “Usimwambie.”

“Kwa nini?”

“Ukimwambia, utapiga zaidi.”

Nikalichukua kama mbinu ya kazi, kama lile la kupasha maiki joto. Kwa miaka yote iliyofuata nilibandika maiki kwenye vifua vya wanariadha, wachezaji wa voliboli, wa raga, wa kandanda, nikahisi mioyo yao kwa vidole vyangu, na sikusema neno.

Kisha tukaingia zama za kuhariri kwa kompyuta, na hapo ndipo nilipopata jina. Ninyi mnajua, pumzi ya mtu huonekana kwenye skrini kama kilima kidogo kati ya neno na neno. Unakichagua, unakifuta, maneno yanakaribiana. Mchezaji aliyesema “tuli…”, akameza mate, akavuta hewa kwa kelele, akamalizia “…jitahidi”, mimi nilimfanya aseme “tulijitahidi” kama mtu anayeagiza mkate. Sauti iliyotetemeka niliikata pale inapotetemeka. Maprodyuza walinipenda, wakaniita Mathe, mama yao. “Mathe, umemfanya aongee kama waziri!” Nami nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Nilikuwa hodari. Mwanariadha aliyepitia mikononi mwangu hakusikika hata siku moja akiwa na hofu.

Halafu ikaja kanuni. Ligi ya wanawake ilipata mdhamini, na mdhamini akaleta ubao mkubwa wenye nembo zake, na ubao unahitaji mtu wa kukaa mbele yake. Ikaandikwa kwamba baada ya kila mechi, nahodha na kocha wa kila timu waketi mbele ya wanahabari kabla dakika ishirini hazijaisha tangu filimbi ya mwisho. Umeshinda, umeshindwa, umefiwa, utaketi. Aliyesamehewa ni yule tu aliyebebwa na ambulensi. Asiyefika, timu inapigwa faini na mchezaji anakosa mechi inayofuata.

Kwetu ilikuwa hivi. Filimbi ikilia, naingia uwanjani, nambandikia nahodha maiki isiyo na waya, na kijisanduku chake cha kurushia sauti kiunoni. Anasema maneno mawili kando ya uwanja, anaenda chumba cha kubadilisha, kisha anakuja chumba cha wanahabari. Muda ulikuwa mfupi, kwa hivyo hatukuwa tunamvua maiki katikati. Nilishusha sauti yake hewani tu. Kwenye hedfoni zangu iliendelea, na kinasa sauti kiliendelea kunasa.

Sasa niwaambie kuhusu Nekesa. Hilo si jina lake, na mnaofuatilia kandanda nawaomba msibahatishe. Alikuwa kipa na nahodha, msichana mrefu kutoka upande wa Bungoma, miaka ishirini na sita hivi, mikono mikubwa na sauti ndogo. Alipanga chumba hapa Kinoo, na tulinunua mboga kwa mama mmoja, kwa hivyo tulijuana kwa salamu. Pale kibandani alikuwa mcheshi. Alikuwa anadaka nyanya zikirushwa, anamchekesha mama mboga mpaka anasahau kukata sukuma. Uwanjani alipiga kelele hadi waya zangu zilitetemeka. Sikuwahi kufikiri kwamba huyo ni mtu wa kuogopa kitu.

Siku moja mpira ulimponyoka katikati ya miguu, dakika za mwisho, timu ikafungwa. Mtu akaichukua ile video, akaiwekea muziki wa kuchekesha, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka mjukuu wangu akanionyesha. Nami nilicheka. Nasema ukweli.

Mechi iliyofuata walishinda. Nikambandikia maiki, akasema maneno mawili, akaenda. Nilikuwa chumba cha wanahabari, nimeketi kwenye vyombo vyangu, Brian prodyuza wetu akiwa kando yangu anapanga viti. Kwenye hedfoni nikasikia mlango ukifungwa na komeo likiingia. Halafu nikasikia kofi.

Nilidhani mtu amempiga. Nikainuka nusu. Kisha nikasikia sauti yake mwenyewe.

“Sema. Tunamshukuru Mungu kwa matokeo.” Kofi. “Hapana. Tena. Tunamshukuru Mungu kwa matokeo, wasichana wamejituma.” Kofi. “Sema vizuri, mjinga wewe. Sema kama mtu.”

Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani. Alikuwa anajipiga mwenyewe, anajifundisha majibu.

“Mathe, sauti iko?” Brian akauliza.

“Iko,” nikasema. 

Dakika chache baadaye Nekesa akaingia, akaketi mbele ya ubao wa nembo, shavu la kulia jekundu. Watu walidhani ni joto la mechi. Mwandishi mmoja akamuuliza kama ameiona ile video ya wiki iliyopita na alijisikiaje.

“Nimeiona,” akasema, akatabasamu. “Hata mimi nilicheka.”

Chumba kizima kikacheka. Kabla ya taarifa ya saa moja nilikuwa nimeisafisha sauti yake. Nilikata pumzi kumi na moja katika sentensi nne. Nakumbuka kwa sababu mkono wangu ulikataa, ikabidi nizihesabu moja moja ili niendelee.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ulichosikia bila kuelekezwa kwako si chako. Ila nilimpigia simu Mzee Okumu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu kwao, upande wa ziwa, na masikio yake yenyewe yalikuwa yameanza kukataa. Nikamweleza kwa kupaza sauti.

“Ulikuwa umevua hedfoni?” akauliza.

“Sikuwa nimevua.”

“Basi umesikia, Tere.”  “Sasa utasema hukusikia?”

Kesho yake nikamvizia Nekesa kwa mama mboga. Nikamvuta kando. “Nekesa, uko sawa?”

“Niko sawa, Mama. Tunashukuru Mungu.” Na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la mbele ya ubao. Miaka miwili nimekuwa nikiliona kibandani nikidhani ni furaha. Nikanunua sukuma yangu nikaenda nyumbani. Huo ndio ujasiri niliokuwa nao.

Mechi ya tatu baada ya hiyo walifungwa mabao matatu kwa bila. Filimbi ilipolia nikaingia na maiki yangu kiganjani inapata joto. Nilipomgusa kifuani nilishindwa kufuata mapigo. Hayakuwa na mpangilio. Ngozi yake ilikuwa baridi kuliko ile maiki. Akasema kando ya uwanja, “Tumejaribu, tutarudi kwa kocha tuone makosa,” akaondoka kwa hatua za kawaida.

Nikaenda kwenye vyombo vyangu. Nikasikia komeo. Nikajikaza kwa ajili ya makofi, na makofi hayakuja. Palikuwa na ukimya mrefu. Katika kazi hii mtajifunza kwamba ukimya una aina nyingi, na huo sikuwa nimewahi kuusikia. Kisha sauti ndogo, karibu sana na maiki, kama mtu aliyeinamisha kichwa mpaka kifuani.

“Mungu, nichukue tu. Nimechoka. Nichukue kabla hawajafungua mlango.”

Akaanza kuvuta hewa kwa shida, haraka haraka, ikikwaruza. Pale pale mtu wa ligi akagonga kwa nguvu. “Nahodha! Zimebaki dakika sita!”

“Nakuja, nakuja!” Nekesa akajibu. Kwa sauti safi, changamfu. Sauti ya mtu aliyeitwa kula. Halafu mkwaruzo ukarudi.

Katika yote niliyosikia kwa masikio haya, hakuna kilichonitisha kama ule uchangamfu. Mtu alikuwa anazama, na bado alijua namna ya kuitika vizuri.

“Brian,” nikasema, “huyu msichana hawezi kuingia hapa.”

“Mathe, ni rule. Na tuko live.”

“Ni mgonjwa.”

“Si nimeskia mtu wa ligi anasema anakuja?”

Nikavua upande mmoja wa hedfoni nikambandika sikioni. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika, rangi ikamtoka, mdomo ukabaki wazi. Nikasema moyoni, afadhali, sasa tuko wawili. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Hii inarekodi?”

Nikarudisha hedfoni masikioni mwangu.

“Mathe, hii ni story. Hii ni kubwa kuliko mechi.”

Brian si mtu mbaya. Mnamjua, ndiye mkuu wenu sasa, na ameyasoma haya kabla yenu. Alikuwa kijana, tumemfundisha sisi, na alisema kile tulichomfundisha kusema. Lakini nilimtazama kama mtu nisiyemfahamu.

Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupoteza sauti. Mvua imenyesha juu ya vyombo, panya wamekula waya, umeme umekatika fainali ikiendelea, na sauti yangu ilikuwepo. Ndilo jambo pekee ambalo ningejivunia mbele ya watu. Siku hiyo niliweka mkono nyuma ya meza, nikazima mtambo wa kupokea, nikachomoa waya mkubwa, nikatoa betri na kuzitia mfukoni mwa sketi. Vipaza sauti vikakohoa mara moja, vikafa. Nikachukua na kadi ya kinasa sauti.

“Hakuna sauti!” wanahabari wakapiga kelele. “Nyuma huko, hakuna sauti!”

“Mathe, umefanya nini?” Brian akaniuliza.

“Sauti imekufa,” nikasema, nikatoka.

Alikuwa amejifungia kwenye stoo ya mipira, mwisho wa korido. Nikagonga polepole.

“Nakuja! Dakika moja tu!”

“Usije.”

Nikasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

“Ni mimi, Mama Teresia wa maiki. Nimesema usije. Hakuna kitu huko. Sauti imekufa.”

“Imekufa?”

“Imekufa kabisa. Leo hakuna mtu wa kuongea.”

Ndipo akalia. Si kilio cha sinema. Kilikuwa kama mtu anayetapika. Baada ya muda komeo likatoka. Nilimkuta ameketi sakafuni kati ya koni na mifuko ya mipira, glavu bado mikononi, moja ameitafuna mpaka mpira wa ndani umeonekana. Nikapiga magoti, na magoti yangu si ya kupigiwa magoti tena, nikamvua maiki na kile kijisanduku. Nikakizima, nikamwonyesha taa yake imezimika.

“Ulikuwa unaskia?” akauliza.

“Nilisikia.”

“Hata ile siku ingine?”

“Hata ile siku.”

Alinitazama bila hasira yoyote. “Na hukusema,” akasema.

Nikaukunja ule waya mdogo wa maiki kiganjani. 

Kocha wake akatokea mlangoni, anahema, saa mkononi. Alituona tulivyo, akashusha mabega na kusema, “Leo tena?”

Hilo neno “tena” lilinipiga kuliko yote. “Kocha, ulijua?”

“Nilijua ana wasiwasi kidogo, Mama. Huwa nampa maji ya sukari, tunaomba, anaingia. Wote wako hivyo.” Alikuwa karibu kulia yeye mwenyewe. “Ningefanya nini? Asipoingia, anakosa mechi. Akikosa mechi, ananiambia mimi ndiye nimemmaliza.”

Tulimpeleka hospitali, huko Upper Hill, kwa gari la stesheni ambalo halikuwa na ruhusa. Daktari aliyempokea alikuwa dada mpole ambaye hakujua lolote kuhusu kandanda, na nadhani hilo lilisaidia. Alimuuliza waziwazi kama amekuwa akiwaza kujiua. Nekesa akasema ndiyo, kwa miezi minne, hasa Jumamosi asubuhi. Mechi zao zilikuwa Jumamosi. Kocha akatoka nje akaketi kwenye ngazi. Walimlaza siku tisa, kisha akaanza kumwona mshauri wa saikolojia Kilimani kila Alhamisi.

Ile kadi nilimpelekea hospitalini. Nikamwambia, “Hii ni sauti yako, si ya stesheni.” Akaiweka sakafuni, akaivunja kwa kisigino cha ndala, ikamchukua mara tatu. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuharibu matangazo na nyingine kwa gari. Ninazo zote mbili, zimeandikwa vizuri.

Nilidhani yameisha. Haikupita mwezi, ligi ikamwita Nekesa kujibu shtaka la kukwepa wanahabari. Barua ya daktari ilikuwa imepelekwa, nao wakajibu kwamba kanuni inataja jeraha, na barua haikuonyesha jeraha. Nilipoisoma hiyo sentensi nilikuwa jikoni, ikabidi nizime jiko niketi.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilienda stesheni mapema, nikafungua hifadhi ya rekodi halisi. Nilikuwa na yote, kwa sababu ya ukali wa Mzee Okumu. Nikaanza kusikiliza mahojiano ya zamani kabla sijayasafisha, ya wanawake na wanaume, miaka na miaka. Jamani. Nilikuwa nimeyasikia yote wakati ule, lakini niliyasikia kama takataka za kuondoa. Sasa nilisikia watu. Bingwa anayemeza mate mara sita kabla ya kusema “nimefurahi”. Kijana wa raga ambaye meno yake yanagongana. Mwanamke aliyeshika nafasi ya pili, ananong'ona “jamani, jamani” kabla hajajibu. Huyo wa pili aliacha mchezo mwaka uliofuata, na tulitangaza kwamba ameamua kupumzika. Nilisikiliza siku tatu. Kila kilichoonyesha kwamba watu hawa wanaumia, mtu alikuwa amekifuta kwa ustadi mkubwa, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nikafanya jambo moja. Nikakata maneno yote, nikabakiza pumzi. Hakuna jina, hakuna mchezo, hakuna sentensi. Pumzi tu, moja baada ya nyingine, dakika mbili.

Kikao kilikuwa kwenye jengo refu la ofisi, Upper Hill, ghorofa ya tisa, meza ndefu, maji ya chupa. Wajumbe watano. Nekesa aliketi na kocha, mikono katikati ya magoti. Nilijitolea kuwa shahidi, na jambo la kwanza nililosema ni kwamba mitambo haikuharibika. Niliizima mimi.

“Kwa nini?” akauliza mwenyekiti, mzee wa heshima mwenye kalamu mbili mfukoni.

“Kwa sababu nilimsikia.”

Mjumbe mmoja akaingilia. “Lakini Mama, tuelewane. Huyu amecheza dakika tisini, ameruka, ameanguka, amepiga kelele. Mtu kama huyo anaumwa na nini? Kuongea dakika tano ndiyo imemshinda?”

Nekesa akainamisha kichwa. Nikaomba ruhusa, nikaweka kipaza sauti changu kidogo mezani, nikabonyeza.

Pumzi zikajaa kile chumba. Nyingine fupi, nyingine zinakwaruza, nyingine zinakatika katikati. Sekunde kumi za kwanza wajumbe walitazamana kama watu wanaochezewa. Baada ya nusu dakika hakuna aliyemtazama mwenzake. Yule mjumbe aliyeuliza alikuwa ameshika chupa ya maji bila kuifungua. Kabla ya dakika moja kuisha mwenyekiti akasema, “Zima. Tafadhali, zima.”

Nikazima.

“Hawa ni kina nani?”

“Ni wale mnaowasikia kila Jumamosi,” nikasema. “Mimi ndiye huwa nawaondolea hiyo.”

 Halafu yule mjumbe akauliza, si kwa kikao, nadhani kwa nafsi yake, “Na wanaume pia?” Kocha akamjibu, “Na wanaume pia, Mzee.” Baadaye niliambiwa kwamba huyo mjumbe aliwahi kuchezea timu kubwa zamani. Alitoka nje na hakurudi mpaka tulipomaliza.

Nisiwapambie mambo. Kanuni haikufutwa, bado ipo, mtaikuta. Waliongeza mistari miwili tu: kwamba jeraha ni pamoja na ugonjwa wa akili ukithibitishwa na daktari, na kwamba nahodha anaweza kumtuma mwenzake badala yake bila kueleza sababu. Shtaka lilifutwa. Nekesa alikaa nje msimu mzima. Kuna Alhamisi alienda kwa mshauri na kuna Alhamisi hakwenda, na mara moja tulirudi naye hospitali ya Upper Hill tukiwa na hofu tele. Kisha akarudi golini, bila unahodha, kwa hiari yake. Aliyeongea na wanahabari alikuwa winga mmoja anayependa sana kuongea, na kila mtu akapata alichotaka. Tabasamu lake la kibandani sikuliona tena kwa muda mrefu. Siku hizi kuna siku anakuja amenuna kabisa, anachagua nyanya bila salamu, na mimi humshukuru Mungu.

Brian alinifuata siku zangu za mwisho kazini, akafunga mlango wa chumba cha sauti. “Mathe, ile siku nilikuuliza kama inarekodi,” akasema. “Hiyo swali huwa naiskia.” Nikamwambia nami ninalo langu ninalolisikia, lile la Nekesa, “Na hukusema.” Tukanywa chai.

Basi wenzangu, nanyi mtabandika maiki. Mkihisi moyo unakimbia chini ya vidole vyenu, semeni. Mwambieni mtu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba mmehisi, na kwamba mnaweza kungoja. Nimelijaribu miaka yangu ya mwisho, na si kweli kwamba moyo hupiga zaidi. Na pumzi msizikate zote.

Maandishi haya nilimpa Nekesa ayasome kabla ya kuyaleta kwenu. Aliyasomea hapa kwangu, mezani, chai ikapoa. Akafuta mistari miwili ambayo hamtaiona. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa ile mechi waliyofungwa mabao matatu, akausoma tena, akaniuliza, “Mama, mbona hujaandika penalti?”

“Penalti gani?”

Akaweka karatasi chini. “Ile siku nilipangua penalti. Kipindi cha kwanza. Kona ya kushoto, chini kabisa, na ncha za vidole. Ikagonga mlingoti ikatoka.” Akanyoosha mkono juu ya meza kunionyesha. “Hakuna mtu amewahi kuniuliza.”

Nilikuwa nyuma ya goli lake siku hiyo, hatua chache tu, na maiki nimeielekeza kwake. Nilijaribu kukumbuka mpaka kichwa kikaniuma. Sikumbuki hata kidogo. Kuhusu siku hiyo nimemsimulia daktari, nimewasimulia wajumbe watano, nimewaandikia ninyi kurasa zote hizi, na mimi pia sikuwahi kumuuliza alivyocheza.

Iandikwe basi. Alipangua penalti, kona ya kushoto, kwa ncha za vidole.